MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mwana wa Gereji na Elimu ya Mashine



Mazungumzo ya mwezi huu yametokea Tunduma, mji wa mpakani ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam huiaga Tanzania na kuingia Nakonde, katika nchi ya Zambia. Tulikuwa tumeketi barazani baada ya sala ya Alasiri, malori yamejipanga barabarani yakingoja zamu ya kuvuka, akaja mzee mmoja fundi wa malori ambaye hapo mjini ajulikana sana kwa kazi yake. Alifika Tunduma ujanani akiwa utingo, akajifunza ufundi kwa kuwashikia wenziwe spana, na leo ana gereji yake mwenyewe kando ya barabara. Kwa gereji hiyo ameilea nyumba yake kwa riziki ya halali. Jina lake hatulitaji, kwani ndivyo alivyotuomba.

Baada ya kuamkiana alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Maalim, mwanangu wa kwanza nimemsomesha kwa mikono hii. Mwaka mmoja niliuza jeki yangu kubwa ili apate ada, wala sikunung’unika. Amehitimu shahada ya uhandisi wa mitambo, nikamshukuru Mwenyezi Mungu, nikasema sasa mgongo wangu utapumzika. Naye sasa aniambia kwamba ataka kurudi chuoni miaka miwili mingine, akasome shahada ya uzamili katika mambo ya mashine na roboti. Roboti, hapa Tunduma! Mimi naona anaikimbia girisi. Amekwisha kuwa bwana mkubwa, hataki tena kulala chini ya lori. Nipe shauri, nimkataze au nimwache?”

Swali hili si la mzee huyu peke yake. Liko katika nyumba nyingi zetu, kila palipo na kijana aliyesoma kuliko baba yake na baba anayejua kazi kuliko mwanawe. Kwa hiyo tumeona vyema kulijibu mbele ya wasomaji wote.

ROBOTI NI KITU GANI?

Kwanza tuondoe hofu ya jina. Neno roboti lilizaliwa mwaka 1920 katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Karel Čapek, mwandishi wa nchi ya Wacheki, na asili yake ni neno la kwao lenye maana ya kazi ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Wengi wetu tukilisikia twafikiri ni sanamu ya mtu wa chuma iendayo kwa miguu na kusema. Zipo za namna hiyo, lakini roboti zilizo nyingi viwandani hazina uso wala miguu. Ni mkono tu wa chuma uliofungwa sakafuni, unaoshika, unaoinua, unaochomelea na kupaka rangi.

Mashine ya kawaida hufanya lile lile siku zote, kuwe na kitu mbele yake au kusiwe. Roboti ina mambo matatu pamoja. Ina viungo vya kutendea kazi, ina vipimo vya kuhisia, mathalan joto, uzito, mwanga au umbali, na ina hesabu iliyotiwa ndani yake ili iamue la kutenda kwa mujibu wa kile ilichokihisi. Basi kifaa kidogo kipimacho unyevu wa udongo na kufungua maji shambani bila ya mtu kushika bomba ni ndugu wa karibu wa roboti, ingawa hakuna atakayekiogopa gizani.

Na kwa kuwa ina mambo hayo matatu, elimu yake haiwezi kuwa ya fundi mmoja. Wa mitambo hutengeneza viungo, wa umeme hutia nguvu na vipimo, wa kompyuta huandika maagizo, na wa hisabati huhakikisha kwamba maagizo hayo hayatauvunja mkono wenyewe. Ndiyo sababu katika darasa moja la uzamili utawakuta watu waliosoma mambo tafauti wakiketi benchi moja, kila mmoja akijua asilolijua mwenziwe.

WANAFUNZI HAWA WATOKA WAPI?

Mzee wetu alidhani ya kuwa wanaosoma elimu hii ni watoto wa matajiri wa mijini, waliozaliwa na kompyuta mapajani. Ukweli ni kwamba katika nchi yetu milango ya kuingilia ni mitatu, nayo yote yaweza kupitwa na mtoto wa Songwe.

Mlango wa kwanza ni wa shule. Kijana husoma Fizikia, Kemia na Hisabati hadi kidato cha sita, kisha huingia chuo kikuu kwa shahada ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu mwaka 1973.

Mlango wa pili ni wa stashahada. Kijana wa kidato cha nne huingia chuo cha ufundi, akajifunza kushika tupa na tezo ya chuma kabla ya kushika hesabu kubwa, na akifaulu vyema hupanda hadi shahada. Hivyo ndivyo wafanyavyo wengi waliopitia Arusha, ambako chuo cha ufundi kilianza mwaka 1978, au Dar es Salaam, ambako chuo kilichoanza mwaka 1957 leo ndicho Taasisi ya Teknolojia. Wala watu wa nyanda za juu kusini hawana haja ya kwenda mbali. Chuo cha Ufundi cha Mbeya kilianzishwa mwaka 1986, kikawa taasisi mwaka 2005, na tangu mwaka 2012 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia.

Mlango wa tatu ndio uliosahauliwa, nao ni wa gereji. Kijana aliyejifunza kazi kwa kutazama na kutenda, bila cheti chochote, aweza kupimwa ujuzi wake na mamlaka ya ufundi stadi, VETA, akapewa cheti kinachomtambua. Cheti hicho peke yake hakimfikishi chuo kikuu, lakini ni ngazi ya kwanza, na mwenye kuanza ngazi huweza kuendelea kwa kusoma.

Tena tazameni watoto wa mkoa huu wakulia katikati ya vitu gani. Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mbeya mwaka 2016, makao yake yakawa Vwawa, lakini mashine zilikuwapo kabla ya mkoa. Lipo bomba la mafuta liendalo Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968. Ipo reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976. Zipo mashine za kumenya na kukoboa kahawa ya Mbozi. Hata kile kimondo cha Mbozi, kinachokisiwa kuwa na uzito wa tani 16, ni pande la chuma lililochanganyika na madini ya nikeli, lililotoka mbinguni likalala juu ya kilima cha Marengi. Msomaji wa Kurani ajua kwamba iko sura nzima yenye jina la chuma, Al-Hadid, na kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, alikuwa mfuaji wa deraa. Kwa hiyo asiwepo wa kutwambia kwamba kazi ya chuma ni kazi duni.

Na reli hiyo yatufundisha jambo. Wachina hawakujenga njia tu. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, maana ilijulikana kwamba chuma kisichokuwa na mjuzi wake hugeuka kuwa kutu. Vijana hao walitoka katika nyumba kama zetu.

NYOYO ZAO ZAELEKEA WAPI?

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufundishwa yale yanayojulikana. Mwanafunzi wa uzamili hupewa swali ambalo jawabu lake halijapatikana, au limepatikana nchi nyingine lakini halifai kwetu. Hapo ndipo tafauti ilipo. Kwa hiyo ukitaka kumjua mwanafunzi huyo, usimwulize darasa lake, mwulize swali lake.

Wako ambao swali lao ni chuma chenyewe: kwa nini ekseli hii imekatika kabla ya wakati, na joto na mtetemo vimeshirikiana vipi kuidhoofisha. Wako wanaopenda mwendo wa viungo, wakitafuta kwa hisabati jinsi mkono wa chuma utakavyofika mahali fulani bila kugonga kitu njiani. Wako walioshughulika na jicho la mashine, ili kamera iweze kutenga buni nyekundu iliyoiva na ile ya kijani isiyoiva, kazi ambayo mkulima wa Mbozi huifanya kwa macho na vidole mpaka usiku. Wako waliovutwa na ndege zisizo na rubani, kama zile zilizotumika tangu mwaka 2016 kuchora ramani ya Unguja na Pemba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Na wako wanaowafikiria wagonjwa, wakitafuta mguu wa bandia utakaokunja goti kama goti la mtu, usiwe gogo la kuburuta.

Majirani zetu nao hawakulala. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, waliendesha hadharani gari la umeme la watu wawili walilolibuni wenyewe, wakaliita Kiira, na mwaka 2016 walionyesha basi lipatalo sehemu ya nguvu zake kwa jua. Mwaka 2013 watu wa Kinshasa waliona roboti kubwa za alumini zikisimama njia panda na kuongoza magari kwa mikono yao, zikila nguvu za jua. Aliyeongoza kazi hiyo ni mhandisi mwanamke wa huko Kongo, Thérèse Kirongozi. Wazazi wenye mabinti nawasome mstari huo mara mbili.

TULIMWITA KIJANA MWENYEWE

Baada ya kumweleza mzee haya tulimwuliza: “Je, mwanao umemwuliza swali lake?” Akasema hajamwuliza. Amemwuliza ada tu. Basi tukamtuma mtoto akamwite, akaja. Alimpa baba yake shikamoo, akaketi mkekani.

Tukamwambia: “Kijana, baba yako adhani waikimbia gereji. Tueleze wataka kwenda kusoma nini.”

Akainamisha kichwa, kisha akasema: “Baba, wakumbuka lile lori lililoletwa kwako limevutwa, dramu za nyuma zimebadilika rangi ya buluu? Nilikuwa kidato cha tatu. Ulinituma nizifungue. Dereva wake alipona, utingo wake hakupona. Wewe ulisema breki hazikuwa mbovu. Ulizitazama zote, ukasema zilikuwa nzima, zilichoka tu. Mimi tangu siku ile najiuliza, breki nzima huchokaje? Hilo ndilo nitakalo kwenda kusoma.”

Mzee hakujibu. Sisi nasi tulinyamaza, kwani hapana aliyekuwa pale asiyezijua zile teremko za njia yetu, Senjele katika Mbozi, Mlima Nyoka wa Mbeya, na Kitonga ya Iringa, na hapana asiyemjua mtu aliyezikwa kwa ajili yake.

Kijana akatueleza, nasi twaleta maelezo yake kwa ufupi ili vijana wetu waone jinsi hesabu inavyogusa uhai. Lori lenye uzito wa tani 50, likishuka kimo cha meta 100 tu pasipo kuongeza mwendo, hutoa nguvu ambayo ikigeuka yote kuwa joto yaweza kuchemsha maji baridi yapatayo lita 140. Dereva hodari hushuka kwa gia nzito, na injini ikabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Asiyefanya hivyo huubwaga wote juu ya breki. Dramu zikishika moto hupanuka, na vile vipande vinavyoikaba dramu hupoteza mshiko wake. Dereva hukanyaga na kukanyaga, asipate kitu. Tena jambo lililo baya ni kwamba lori likisimama na kupoa, breki hurudi kuwa nzima, na mkaguzi akija haoni kosa. Ndivyo breki nzima inavyochoka.

Alitakalo kijana huyu ni kifaa kitakachopima joto karibu na kila dramu, kikahesabu uzito wa gari na ukali wa mteremko, na kikamwonya dereva mapema, kabla moshi haujaonekana, kwamba asimame. Na hatimaye kifaa hicho kisiishie kuonya tu, bali kiiamrishe injini yenyewe ishike gari. Kuhisi, kuhesabu, kutenda: hiyo ndiyo roboti, wala haina uso. Katika nchi nyingine magari mapya yana vifaa vya namna hiyo, lakini malori mengi ya njia yetu ni makongwe, yaliyofungwa vipuri vya asili mbalimbali, na swali la jinsi ya kuyalinda hayo kwa gharama ndogo lingali lataka mtu.

Basi, mzee wetu, mwanao hakuikimbia gereji. Ameitia moyoni akaenda nayo.

MKONO NA KALAMU

Kosa letu la zamani ni kudhani ya kuwa wapo watu wa mkono na wapo watu wa kalamu, na kwamba wa pili ni bora kuliko wa kwanza. Mababu zetu katika elimu hawakufikiri hivyo. Katika karne ya 9 ndugu watatu wa Baghdad, watoto wa Musa bin Shakir, waliandika kitabu cha vyombo vijiendeshavyo vipatavyo mia moja. Na mwaka 1206, katika mji ambao leo waitwa Diyarbakir katika Uturuki, Ismail al-Jazari alimaliza kitabu chake chenye vyombo 50: saa za maji, pampu za kuinulia maji, na chombo cha kumtilia mfalme maji ya udhu pasipo mtumishi. Katika jina la kitabu hicho limo neno la handasa, na kutoka asili hiyo hiyo ndipo tulipopata neno letu la mhandisi. Al-Jazari hakuandika mambo ya kusikia. Alikuwa fundi aliyeunda kwa mikono yake, akaandika vipimo na michoro kwa uangalifu hata mafundi wa karne ya 20 wakaweza kuviunda upya baadhi ya vyombo vyake. Mkono wake na kalamu yake vilikuwa vya mtu mmoja.

Na pale ambapo havikuwa vya mtu mmoja, vilitafutana. George Devol wa Marekani hakusoma chuo kikuu. Alikuwa mtu wa kubuni na kujaribu, na mwaka 1954 aliomba hataza ya mkono wa chuma ushikao maagizo. Mwaka 1956 alikutana na Joseph Engelberger, aliyekuwa amesoma fizikia na uhandisi katika Chuo Kikuu cha Columbia hadi shahada ya pili. Wakashirikiana, na mwaka 1961 mkono wao ukaanza kazi katika kiwanda cha magari cha General Motors huko New Jersey, ukiinua vipande vya chuma cha moto ambavyo vilikuwa vikiwaunguza watu. Hiyo ndiyo roboti ya kwanza ya viwandani. Asingalikuwapo asiye na shahada, pasingalikuwa na fikira. Asingalikuwapo mwenye shahada, fikira ingalibaki katika karatasi.

Hapo Tunduma wenyewe mna mfano. Karibu na mwaka 2019 magazeti yaliandika khabari ya fundi wa papo hapo mjini aliyekuwa akiunda helikopta katika karakana yake. Wako waliocheka, nasi hatukuwa pamoja nao, kwani mwenye kuthubutu ana heshima yake. Lakini tuseme kweli kwa upendo: kuunda kitu chenye umbo la kuruka ni kazi moja, na kuwa na yakini kwamba mtu akipanda atarudi salama kwa watoto wake ni kazi nyingine. Ya pili yataka hesabu za uzito, za upepo na za mtetemo, na majaribio mengi kabla ya roho ya mtu kutiwa hatarini. Ushujaa wa mkono wastahili kupata mwenziwe wa kalamu jirani, na mwenzi huyo ndiye mwanafunzi wa uzamili ambaye twamwuliza kwa nini harudi nyumbani.

JE, MASHINE ZITAKULA KAZI ZETU?

Mzee alikuwa na neno moja zaidi, nalo ni la haki. “Wanangu wengine,” akasema, “ni vibarua wa kupakia magunia. Huyu akileta roboti, hawa watakula nini?”

Hatutaki kumdanganya. Mashine huondoa kazi. Reli iliondoa wapagazi, na mashine ya kukoboa iliondoa vinu vingi. Lakini twaona pia kwamba mashine hufika, tutake tusitake, na tafauti ni kama itafika na mjuzi wake aliyezaliwa hapa, au itafika peke yake na kutupangisha foleni. Mjuzi wa hapa ajua kazi ipi ni ya kuokoa mgongo na uhai wa mtu, na ipi ni ya kumnyang’anya maskini riziki yake bila ya haja. Ndiyo maana elimu hii isiachwe kwa wasiotujua. Na kijana anayeisoma akumbuke kwamba ataulizwa mbele ya Mola wake ameitumiaje.

NASAHA ZETU

Kwa wazazi. Msimpime mwanafunzi kwa miaka atakayokaa, mpimeni kwa swali alilolishika. Kijana asiyejua ataka kuchunguza nini, na ataka shahada kwa ajili ya jina tu, huyo mwambieni akafanye kazi kwanza, na hapana aibu katika hilo. Mwenye swali mfungulieni njia. Na kama gereji ni yenu, msiwafukuze watoto wadogo wanaokuja kutazama. Wapeni nati zilizokwisha, wazipange kwa ukubwa. Hisabati huanzia hapo.

Kwa kijana. Kabla ya kumwomba baba yako ruhusa, pata majibu ya mambo matatu: nani atalipa, nani atakuwa msimamizi wako, na karakana ya chuo hicho ina vifaa gani. Usitazame mahali pamoja tu. Iko Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha, iliyojengwa kwa ajili ya wanaosoma shahada za juu peke yao. Iko Juja, Kenya, taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika ipokeayo vijana wa bara zima kwa ufadhili. Kiko Kigali chuo cha Carnegie Mellon, kinachosomesha uhandisi wa umeme na kompyuta. Andika maombi mapema, na mwenye kujua aulizwe.

Kwa mabinti zetu. Hisabati haina ndevu. Binti aliyeifungua cherehani ya mama yake na kuirudisha ikashona ana kipawa ambacho Mwenyezi Mungu hakumpa kwa mzaha. Msimwambie kwamba hiyo ni kazi ya kaka yake.

Na kwa wote waliokwisha kusoma. Rudini. Si lazima mrudi kuishi, ila mrudi kutazama. Swali lililotoka Senjele halitajibiwa sawasawa na mtu aliyesahau jinsi Senjele inavyoshuka.

Magharibi ilipokaribia mzee wetu alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa ingawa siku hiyo haikuwa na girisi. Mambo ya ada hayakwisha, na mdogo wake kijana atakayeshika kazi ya gereji hajapatikana. Hayo wataendelea kuyazungumza nyumbani, kama inavyopasa. Lakini alimwelekea mwanawe akasema: “Nenda. Ila kila likizo urudi, na ukirudi uvae ovaroli.”

Kijana akajibu: “Hilo, baba, ndilo nililotaka kukuomba. Breki nitakazozipima zimo gerejini mwako.”

Wakaondoka pamoja kwenda kutia udhu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awape wazee wetu subira na kifua kipana, na awalinde wasafiri wetu wote, juu ya teremko na juu ya tambarare. Amin.